UZI: Ijue amplifaya yako kwanza, ndipo ununue pedali ya ovadraivu au distosheni

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote mnaopiga gitaa la umeme, na hasa nyinyi ambao ndiyo mnaanza kununua pedali, vile visanduku vya kukanyaga kwa mguu vinavyobadilisha sauti ya gitaa.

Mara kwa mara huletewa pedali na kijana aliyeisikia kwenye video, akajibana akainunua, akaifikisha nyumbani na kuichomeka kwenye amplifaya yake, kisha akapata sauti isiyo na undugu wowote na ile iliyomshawishi. Wengi huamini wameuziwa feki. Nikiifungua na kuipima, mara nyingi naikuta ni halisi na ni nzima kabisa. Kilichokosekana ni ile amplifaya iliyokuwa nyuma yake kwenye video, ambayo aliyerekodi hakuitaja au aliitaja kwa haraka tu. Hela inayopotea kwa njia hii inaniuma, kwa kuwa naijua jasho lake, na ndiyo maana nimeamua kuandika kwa urefu.

Pedali ya ovadraivu, yaani ya kukwaruza sauti kwa upole (distosheni hukwaruza kwa ukali zaidi), haiimalizi sauti. Huipokea kutoka kwenye gitaa, huikuza, hukata vilele vya wimbi, hupunguza baadhi ya masafa na kuyanyanyua mengine, kisha huikabidhi amplifaya, ambayo nayo ina tabia zake, ina mahali ilipojaa na mahali ilipobonyea. Sauti mnayoisikia ni mapatano ya vitu hivyo viwili. Kwa hiyo kabla hujauliza pedali ipi ni nzuri, jiulize amplifaya yako imepungukiwa nini, na ukiisukuma itafanya nini.

Nianze na mfano ambao nimeushika kwa mikono yangu kwa miaka mingi, Fender Deluxe Reverb ya ule mtindo wa uso mweusi ulioanza mwaka 1963. Ni amplifaya ya wati 22, yenye valvu mbili za 6V6 (mirija ya kioo inayokuza sauti) kwenye hatua ya mwisho na spika moja ya inchi 12. Ukiipiga volyumu ikiwa chini ya namba 3, unapata sauti safi, besi pana na trebo inayong'aa, lakini katikati pamebonyea. Bonyeo hilo linatokana na saketi ya toni yenyewe, ambayo hupunguza masafa yaliyo karibu na hezi (mitetemo kwa sekunde) 400 hadi 500 hata pale nobu za besi na trebo zinapokuwa nusu. Na Deluxe Reverb ya asili haina nobu ya midi (masafa ya kati), kwa hiyo huna mahali pa kuyarudishia masafa hayo. Ukiwa peke yako chumbani, bonyeo hilo linapendeza mno. Ukiingia kwenye bendi yenye kinanda, gitaa la rithimu, besi na waimbaji watatu, solo lako linazama, kwa sababu masafa yaliyopunguzwa ni yale yale ambayo sikio huyategemea kulitambua gitaa katikati ya vyombo vingine.

Hapo ndipo Tube Screamer, pedali ya ovadraivu ya Ibanez, inapopata kazi. TS808 ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1970 na TS9 mwaka 1982, na saketi yake ilibuniwa na Susumu Tamura wa Japani. Ndani yake kuna chipu ndogo inayokuza sauti, na diodi mbili zilizowekwa kwenye njia ya kurudisha sauti ndani ya chipu hiyo, ambazo huvikata vilele vya wimbi kwa upole. Jambo la msingi ni kwamba chipu hiyo haiikuzi besi sawasawa na masafa mengine: kuanzia kama hezi 720 kwenda chini, ukuzaji unapungua hatua kwa hatua, na baada ya kukatwa, sauti hupita kwenye kichujio kinachopunguza trebo. Besi imepungua, trebo imepungua, na kilichobaki kimesimama ni midi. Kinundu cha pedali kinaingia kwenye bonyeo la amplifaya na kulijaza. Stevie Ray Vaughan, mpiga gitaa wa bluzi wa Marekani, alizipiga Fender zake akiwa na Tube Screamer mbele, na wengi waliojaribu kumwiga kwa amplifaya za aina nyingine wamepata sauti ya puani, bila kuelewa kwamba bonyeo la Fender ndilo lililoifanya pedali ile isikike nene.

Jaribuni hivi. Pandisha volyumu ya Deluxe hadi kati ya 4 na 5, pale ambapo ukipiga kodi nzima kwa nguvu inaanza kukwaruza kidogo, lakini ukipiga kwa upole inabaki safi. Kwenye pedali, nobu ya Drive iwe chini, mshale wake ukielekea kushoto kama mshale wa saa ulio kwenye namba 9, Tone iwe nusu, na Level ivuke nusu. Sasa shika uzi wa tatu kwenye freti ya 7, uguse taratibu, kisha upige kwa nguvu. Mguso wa kwanza utatoka karibu safi, wenye unene. Wa pili utafoka, lakini bado utasikia kucha au piki ilivyougonga uzi, kwa sababu kwenye saketi hii sauti safi ya gitaa hubaki imechanganyika na ile iliyokatwa. Kazi nyingi ya kukwaruza hapo inafanywa na valvu za amplifaya. Pedali imezisukuma tu na kuzielekeza. Ukigeuza mambo, ukaweka Drive juu, Level chini na amplifaya kwenye volyumu 2, unakuwa umenunua pedali ya kukwaruza na kuitupa nusu ya amplifaya yako.

Ichukueni pedali hiyo hiyo muipeleke kwenye Marshall. Marshall ya kwanza, JTM45 ya mwaka 1962, ilichukua saketi yake kutoka Fender Bassman, lakini kadiri miaka ilivyokwenda ukoo huo ulijenga tabia yake, na ukifika kwenye 2203 ya wati 100 iliyouzwa kwa jina la JCM800 tangu mwaka 1981, midi imejaa tayari na amplifaya inakwaruza yenyewe bila msaada. Ukiiongezea Tube Screamer yenye Drive ya nusu, midi inarundikana juu ya midi na sauti inaziba. Hata hivyo wapigaji wa muziki mzito wa metali wameiweka Tube Screamer mbele ya Marshall kwa miongo mingi, tena kwa sababu tofauti kabisa. Drive wanaishusha hadi karibu na sifuri na Level wanaipandisha hadi mwisho. Wanachokitaka ni ile hulka ya kupunguza besi. Besi nzito ikiingia kwenye valvu za mwanzo za amplifaya yenye geini (ukuzaji) kubwa, inazijaza kabla ya noti nyingine kupita, na unapoziba nyuzi kwa kiganja unapata mvumo uliolegea badala ya kishindo. Pedali inaipunguza besi kabla haijafika huko, kishindo kinakaza, na besi iliyopotea unairudisha kwa nobu za amplifaya, ambazo ziko baada ya sehemu kubwa ya ukwaruzaji.

Pedali moja, amplifaya mbili, kazi mbili tofauti. Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji kutoka Morogoro

Shikamoo mkuu. Mimi sina Fender wala Marshall, nina amplifaya ya transista, isiyo na valvu, ya wati 15 yenye spika ya inchi 8. Nilinunua pedali ya distosheni ya Boss DS-1 kwa sababu nilisoma kwamba Kurt Cobain wa kundi la Nirvana aliitumia. Kwangu inalia kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Je, niiuze? Na je, nikinunua amplifaya kubwa zaidi tatizo litaisha?

Mwanzisha uzi

Marahaba. Usiiuze bado.

Ni kweli Cobain aliitumia DS-1. Pedali hiyo ilitoka mwaka 1978 na inafanya kazi kwa njia nyingine. Inaikuza sauti kwanza kwa kiasi kikubwa, kisha diodi zinaitupa ardhini sehemu yote iliyozidi kiwango, kwa hiyo vilele vya wimbi vinakatwa kwa ukali kama vimepitishwa msumeno. Baada ya hapo kuna nobu ya Tone, ambayo ikiwa nusu inabonyeza midi karibu na hezi 500. Spika yako ya inchi 8 haina besi ya kutosha kujaza upande wa chini, kwa hiyo besi haipo, midi imebonyezwa, na kilichobaki ni trebo peke yake. Hao ndio nyuki wako.

Fanya mambo haya kwa mpangilio. Tumia chaneli safi ya amplifaya, kwa sababu amplifaya ndogo za transista huwa na distosheni yao wenyewe, na ukiziwasha zote mbili, ukali unakatwa juu ya ukali. Kama amplifaya ina nobu ya midi, ipandishe hadi robo tatu, na trebo uishushe chini ya nusu. Kwenye pedali, shusha Tone hadi robo na Dist isizidi theluthi moja. Wanafunzi wengi huweka Dist mwisho kwa kuwa wakiwa peke yao inasikika nene, lakini kadiri wimbi linavyokatwa zaidi ndivyo tofauti kati ya mguso wa upole na wa nguvu inavyopotea, na kwenye bendi unasikika kama mvumo mmoja usio na maneno. Ukishindwa kabisa, tafuta Boss SD-1 ya mwaka 1981, ambayo ni jamaa wa karibu wa Tube Screamer, isipokuwa diodi zake hazilingani, mbili upande mmoja na moja upande wa pili, jambo linaloipa ukwaruzaji wenye vumbi kidogo ninaoupenda mno. Ina kinundu cha midi, na amplifaya yako inakihitaji.

Kuhusu ukubwa: kutoka wati 5 kwenda wati 50 ni mara kumi ya nguvu, lakini sikio linaipokea kama sauti iliyoongezeka takribani mara mbili tu. Kuanzia wati 15 kwenda 30 utasikia nyongeza ndogo. Ukiweza kubadilisha kitu kimoja, badilisha ukubwa wa spika kabla ya idadi ya wati.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Bwana asifiwe. Mimi napiga kanisani na hatuna amplifaya ya gitaa. Natoka kwenye pedali naingia moja kwa moja kwenye miksa, na sauti inatokea kwenye spika kubwa za ukumbini. Sauti safi iko vizuri, nikikanyaga distosheni akina mama wa mstari wa mbele wanaziba masikio. Fundi mitambo ameniambia niache kabisa kutumia pedali.

Mwanzisha uzi

Amina. Fundi wako anawalinda waumini, naye ana haki, lakini dawa ipo.

Watu wengi hufikiri spika ya gitaa ni spika tu kama nyingine. Sivyo. Spika ya gitaa ya inchi 12 haina twita (spika ndogo ya masafa ya juu), na ikifika kama hezi 5,000 huanza kushuka kwa kasi, kwa hiyo sauti nyingi iliyo juu ya hapo haimfikii msikilizaji. Pedali ya distosheni, kwa asili ya kukata vilele vya wimbi, huzalisha masafa mengi ya juu, na waliozibuni walijua kwamba spika itayameza. Spika za ukumbini zimetengenezwa kufikisha hadi karibu hezi 20,000 ili maneno ya mhubiri yasikike wazi, kwa hiyo zinawapa waumini wako takataka yote ambayo spika ya gitaa ingeizuia. Mahali pa kurekebishia ni mwisho wa safari ya sauti, palipokosekana spika.

Njia nzuri ni kununua kifaa kinachoiga spika na kabati lake, ambacho kinakaa baada ya pedali zote na kabla ya miksa. Kama hela haipo, mwombe fundi akufungulie ikweleza (kirekebisha masafa) ya chaneli yako na akate kila kilicho juu ya hezi 5,000, na upande wa chini akate kilicho chini ya hezi 80 au 100, kwa kuwa uzi wako mnene zaidi, ule wa E, unatetemeka kwa hezi 82 tu na huko chini ni makao ya gitaa la besi na ngoma. Miksa ndogo zina nobu tatu tu za toni, na katika hali hiyo shusha ya juu hadi chini kabisa na uache nyingine. Pia hakikisha gitaa linaingia kwenye pedali ya kwanza, na si moja kwa moja kwenye tundu la laini la miksa. Pikapu za gitaa, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, zinataka tundu lenye ukinzani mkubwa, wa omu 500,000 hadi milioni moja. Tundu la laini huwa na elfu kumi tu au makumi machache ya maelfu, na trebo inakufa kabla hujaanza. Pedali iliyowashwa inakutatulia hilo.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Mkuu, kwa heshima zote, nahisi unazisifu valvu kupita kiasi. Studio yetu ya mazoezi ina Roland JC-120, ni transista tupu, na pedali zangu zote zinasikika vizuri humo kuliko kwenye amplifaya ya valvu ya rafiki yangu.

Mwanzisha uzi

Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, na nashukuru umeileta. JC-120 ilitoka mwaka 1975, ina amplifaya mbili za wati 60 na spika mbili za inchi 12, na huwa haikwaruzi mapema hata ukiipandisha. Kwa hiyo ni kama ukuta mweupe, unaonyesha rangi yoyote unayoipaka. Hilo ndilo jambo la kuzingatia: kwenye amplifaya ya namna hii hakuna valvu za kusukuma, kwa hiyo ule mtindo wa Drive chini na Level juu utakupa kelele zaidi bila unene. Unahitaji pedali inayoleta sauti iliyokwisha kupikwa.

Kwangu mimi pedali ya distosheni ya ProCo RAT ndiyo inayoolewa na JC-120 bila ugomvi. Ilizaliwa Kalamazoo, jimbo la Michigan, mwishoni mwa miaka ya 1970, na uzuri wake kwa ajili ya amplifaya kali ni ile nobu ya Filter, ambayo hufanya kazi kinyume na mazoea: ukiizungusha kulia sauti inazidi kuwa giza. Weka Filter karibu na robo tatu, Distortion chini ya nusu, na uache trebo ya amplifaya chini ya nusu. Pedali ya Big Muff pia inapiga vizuri hapo, ila ina bonyeo la midi karibu na hezi 1,000, na ukiipeleka kwenye Fender yenye bonyeo lake, mabonyeo mawili yatakufuta kabisa kwenye bendi. Rafiki yako ana amplifaya gani?

Mchangiaji kutoka Nairobi

Ni Vox AC30. Akiweka pedali yoyote ya ovadraivu inakuwa kama imefunikwa blanketi.

Mwanzisha uzi

Hapo ndipo nilipotarajia. AC30 ina valvu nne za EL84 na haina ile saketi ya kurudisha sauti nyuma inayozituliza valvu za mwisho katika Fender na Marshall nyingi, kwa hiyo huanza kubana na kukwaruza mapema, tena kwa midi iliyojaa. Ovadraivu yenye kinundu cha midi inaibana iliyobanwa tayari.

Amplifaya hii ilipata mwenzi wake zamani, katikati ya miaka ya 1960, kwa kifaa kilichoitwa Dallas Rangemaster, chenye transista moja tu ya jemaniamu na nobu moja. Kifaa hicho hunyanyua masafa ya juu zaidi ya yale ya chini, kwa hiyo besi haiingii kuzisonga valvu, na ukwaruzaji unatoka wenye kung'aa. Mpiga gitaa Rory Gallagher alikitumia mbele ya AC30, na Brian May wa Queen, lile kundi la Freddie Mercury aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, amejenga sauti yake yote juu ya AC30 na kinyanyua trebo. Mwambie rafiki yako atafute kinyanyua trebo, au kama anayo ovadraivu tu, aweke Drive sifuri na apandishe Tone.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Asalaam aleikum. Ndugu yangu, mie nina jamaa Marekani anataka kuniletea Deluxe Reverb kuukuu. Pia nina pedali mbili, SD-1 na RAT. Ipi itangulie?

Mwanzisha uzi

Waaleikum salaam. Nianze na la hatari. Amplifaya ya Marekani imetengenezewa volti 120, na umeme wa kwenu Kenya ni volti 240, wetu huku Tanzania ni 230. Miaka ya nyuma niliichomeka amplifaya moja ya namna hiyo ukutani moja kwa moja kwa haraka ya onyesho la jioni. Fyuzi iliungua, nikaweka nyingine yenye uwezo mkubwa zaidi, na transfoma ikatoa moshi wenye harufu ya varnishi ambayo ilikaa chumbani siku tatu. Nunua transfoma ya kushusha volti yenye uwezo angalau mara mbili ya matumizi yaliyoandikwa nyuma ya amplifaya, na usiifungue mwenyewe, kwa kuwa ndani hubaki volti zaidi ya 400 hata ikiwa imezimwa.

Kuhusu mpangilio, yote mawili ni sahihi kwa kazi tofauti. SD-1 ikitangulia RAT, unaisukuma RAT ikate zaidi: unapata mlio mrefu usiokatika, lakini sauti haipandi sana, kwa sababu wimbi lililokwisha kukatwa haliwezi kwenda juu zaidi ya hapo. SD-1 ikifuata baada ya RAT, ukwaruzaji unabaki ule ule na sauti inapanda, pamoja na midi ya kukutoa mbele ya bendi. Kwa solo kwenye Deluxe Reverb mimi huweka RAT kwanza, SD-1 baadaye, Drive sifuri, Level juu.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Nimerudi wakuu. Fundi alikata juu ya hezi 5,000 kama ulivyosema, na Jumapili nilikanyaga distosheni kwenye pambio la pili. Hakuna aliyeziba masikio. Ila nikizima pedali, gitaa safi sasa linasikika kama limefungwa kitambaa.

Mwanzisha uzi

Hilo nililitarajia na nilipaswa kulisema mapema. Sauti safi ilikuwa inafaidi zile trebo ulizozikata. Mwambie fundi apandishe mpaka wa kukata hadi hezi 6,500 au 7,000, kisha wewe ushushe Tone ya pedali kwa kiasi kilekile ambacho yeye ameongeza. Mrekebishe pamoja ukumbi ukiwa mtupu, halafu mrekebishe tena watu wakiingia, kwa sababu miili na nguo zao hunywa trebo nyingi.